Mtama Usio na Mwenyewe

Jumatatu, 6 Julai 1998

Kijijini Misigiri tena. Vumbi mpaka kwenye meno. Kampuni ya mbegu kutoka nje inakusanya mbegu za kienyeji, ofisi yetu inashirikiana nayo, na mimi karani ndiye ninayejaza fomu. Bibi Dorika alitupa kibuyu kizima cha mtama mwekundu — ule uliozaa hata mwaka jana wa ukame. Nikauliza mmiliki ni nani. Alicheka mpaka akakohoa! Mbegu haina mwenyewe, mjukuu wangu. Yeye alipewa na mama mkwe wake. Anayechukua hurudisha akivuna, na kibuyu kikiwa kimefurika.

Fomu haina nafasi ya maneno yote hayo. Penye mmiliki nikaandika: Hakuna.

Jumatano, 8 Julai 1998

Nimetaipu orodha ya mbegu. Ofisini wanasema majina ya watakaopunguzwa kazini yatatoka Septemba. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 20 Agosti 1998

Mkataba umefika kutoka Dar. Kurasa nne, neno ushirikiano kila aya. Ukurasa wa tatu: kwa kuwa mbegu haina mmiliki, kampuni itaiandikisha kwa jina lake, pamoja na mbegu zote zitakazozalishwa kutokana nayo. Kijiji kitapewa cheti cha shukrani. Cheti!

Nikampelekea mkuu wangu, Bwana Sixbert. Hakuinua macho. Kwani nani aliandika Hakuna? Mwandiko wa nani huu? Kisha, kwa upole: Binti, Septemba inakuja.

Sikula mchana.

Ijumaa, 21 Agosti 1998

Bibi Dorika amekuja ofisini kuweka dole gumba kwenye mkataba. Kapanda lori la vitunguu, kibuyu kitupu kakifunga kwenye kanga. Nilimwamkia shikamoo bila kumtazama. Marahaba, karani wangu. Hao wageni wako wameshavuna? Nimeleta chombo, wasije wakasingizia hawana cha kurudishia! Benchi zima likacheka.

Bwana Sixbert kaniagiza nisome ukurasa wa kwanza tu, kisha kaenda masijala kutafuta pedi ya wino. Nimesoma. Bibi alisikiliza, macho kafumba. Halafu akasema kusoma hajui, kuhesabu anajua — karatasi ni nne.

Nimemwomba asubiri kidogo, naandika. Ndiyo haya ninayoandika. Ukurasa wa tatu uko chini ya daftari hili.

Viatu vya Bwana Sixbert koridoni. Bibi ameshika ukingo wa ile karatasi. Haivuti. Anasema, soma, mjukuu wangu