Gari ya Kuvaa

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa sita

Samahani kwa kukaa muda huu wote bila kuandika. Sijui namwomba nani samahani, hakuna anayesoma humu. Tangu tumzike Baba Amani, mume wangu, sikugusa kalamu. Leo nimefua nepi. Nimetwanga majani ya sombe. Nimemnyonyesha Neema, nimempeleka Amani shule. Kazi zinakwenda. Mimi sisikii kitu moyoni.

Yaya Feza, dada yangu mkubwa aliye Dubai, ametuma picha. Anataka kunipa gari nifanye taksi, kazi ya marehemu. Gari za kuran, za umeme, unachaji kama simu, hazinywi mafuta. Mbili, za kampuni moja, alama ileile mbele. Moja kubwa, imetumika kidogo. Moja ndogo, mpya. Kwa Yaya bei ni sawasawa. "Chagua weye," amesema. "Mwisho wa mwezi wanafunga kontena."

Niliangalia picha huku nikimenya vitunguu. Nzuri. Basi.

Jumatano, tarehe 3

Kubwa: milango mitano, iko juu, inaweza kupita maji ya ziwa pale yanapoingia barabarani Kavimvira. Betri yake inakwenda mbali, Yaya anasema hata Bukavu bila kuchaji njiani. Ndogo: milango miwili, watu wanne wakijibana, ya mjini tu. Iko chini. Lakini inajaa haraka kwa prizi ya ukutani. Kubwa inataka usiku mzima na zaidi, na hapa Kilibula kuran inakatika inavyotaka.

Nataka kubwa. Niandike ukweli.

Ijumaa, tarehe 5

Shemeji Bahati, mdogo wa marehemu, alikuja kula. Amani alishamwambia juu ya gari. Akashika simu yangu, akatazama picha mpaka ugali ukapoa. Ameshachagua: kubwa, nyeupe. Ameshajiona Bukavu, mkono nje ya dirisha.

"Shemeji, sasa tutapumua."

Tutapumua. Kilio hakijaisha alichukua ufunguo wa taksi ya kaka yake, eti kuitunza. Mpaka leo anaitunza. Akitaka, analeta samaki. Asipotaka, haleti. Kwao ni sawa, gari ya marehemu inashikwa na ndugu mwanaume. Simchukii. Nimechoka naye.

Jumapili, tarehe 7

Baada ya ibada familia yake ilikaa hapa nyumbani. Waliongea juu ya gari kama vile mimi ni kiti. Bibi, mama mkwe wangu, akauliza: mwanamke akishika gari, watoto watabaki na nani? Kama vile yeye haishi humu ndani.

Nikasema minye najua kuendesha. Baba Amani alinifundisha kwenye barabara ya Lubarika, katikati ya mashamba ya mpunga, mkono wake juu ya wangu tukibadilisha vitesi, yaani gia.

"Kule ulikuwa unakwepa bata, shemeji," Bahati akasema. "Huku mjini kuna batu."

Wote wakacheka. Na mimi kidogo. Baadaye, nikiosha sahani, nikaona nimekasirika. Ni kitu cha kwanza nimesikia moyoni tangu mazishi.

Jumanne, tarehe 9

Nilikwenda Kavimvira, mpakani. Kuna mama wa Bujumbura anayeleta vitenge, ana gari ndogo ileile. Nilimwomba nikae ndani tu. Akaniacha niendeshe mpaka kwenye mti na kurudi.

Haina sauti. Haina vitesi. Mkono wangu wa kuume ulizitafuta. Nikasimama pale kwenye mti. Nilitaka kulia, haikuja. Nikageuza.

Wabadilisha pesa walikuwa wananitazama. Mmoja akapiga kelele: "Mama, iyo gari unaipanda ao unaivaa?"

Mwenzake: "Ni kiatu! Ya mguu ya pili iko wapi?"

Mama wa vitenge hakugeuza hata shingo. "Wacha bacheke," akaniambia. "Bwana yangu hajaigusa hata siku moja. Anaona haya. Iko yangu yote."

Yangu yote. Nilirudi nalo neno hilo njia nzima.

Alhamisi, tarehe 11

Nilimwonyesha shemeji picha ya ndogo. Kusudi.

"Minye? Mule ndani? Magoti yangu itatokea kwa dirisha! Banaume ba parkingi batanizika nikiwa muzima."

Nikasema kweli, shemeji. Nikamwongezea ndagala.

Jumamosi, tarehe 13

Yaya alinipigia nikiwa sokoni. Shemeji amemtumia sauti. Kwamba Mama Amani na familia nzima wamekubali kubwa, nyeupe, na kwenye karatasi waandike jina lake, maana yeye ndiye atapokea. Yaya alikuwa njiani kwenda kulipa.

Nikakaa juu ya mfuko wa unga wa mtu.

Nikamwambia: ndogo.

"Weye uko na kichwa? Bei moja, unaacha gari unachagua kikopo?"

Nikamweleza. Taksi ya kwanza iko mkononi mwa nani. Kubwa itamfuata mlemle. Ndogo hataiingia, wala mwanaume yeyote wa kwao. Yaya akauliza: "Na rangi?"

Nikauliza iko na rozi, rangi ya waridi?

Alicheka mpaka akakohoa. Mwenye unga alikuwa ananiangalia, nikainuka, nikamwomba radhi.

Jumanne, tarehe 16

Shemeji amejua. Alisimama mlangoni, hakuingia. Nimetupa bahati ya familia, amesema. Nimewafanya wachekwe. Nikamkaribisha chakula. Akaondoka bila kula. Amani akauliza kama baba mdogo amekasirika. Nikasema ndiyo. Akauliza kama atarudi. Nikasema njaa itamrudisha.

Sijuti. Pia sifurahi.

Jumapili, tarehe 21

Kumetulia. Yaya amelipa. Bibi alikuwa anachambua maharagwe, mguu wake mbaya umenyooshwa.

"Iyo yako, iko chini?"

"Iko chini, mama."

"Goti yangu itaingia?"

"Itaingia."

Akatupa jiwe dogo nje ya sinia. "Ya mutoto wangu Bahati, ndiyo haitaingia."

Hakukasirika. Aliendelea na maharagwe. Nikakaa karibu yake, nikachambua upande wangu, Neema amelala mgongoni.

Ile kubwa bado naiona nikifumba macho. Baba Amani angeipenda, angeizunguka mara nyingi kabla ya kuipanda. Maji yakijaa Kavimvira nitasimama, nitasubiri yashuke.

Ya kumwambia Yaya kesho, ambayo bado sina. Waya mrefu wa kuchajia, utoke dirishani ufike mpaka uani. Kichwa cha prizi cha huku, miguu miwili ya duara. Kiti cha mtoto cha kufungwa, cha Neema. Mto wa kukalia, mimi ni mfupi. Karatasi zenye jina langu, si mke wa fulani. Na funguo. Zote mbili.