Ekstensheni Juu ya Dari

Shoga, uko? Usipige, soma tu. Nikifungua mdomo nitatukana.

Unamkumbuka shemeji yangu anayejiita Injinia? Si ndiye aliyeniwekea soketi ya pasi chumba cha kushonea. Nilimuuliza waya umepita wapi, akacheka. "Shemeji, wewe shona, umeme niachie mimi."

Leo mchana napiga pasi suruali za mteja, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Inatoka juu. Nikazima swichi kuu, nikaita fundi mwingine.

Kafungua dari. Ekstensheni. Ekstensheni ya dukani, shoga, kailaza juu ya mbao, imeyeyuka, na panya wameitafuna.

Fundi anasema waya laini kama ule ni marufuku kuuficha darini wala ukutani. Ukichubuka huuoni, ukipata moto unajipika mwenyewe. Na wanangu wanalala chumba cha pili. Ekstensheni, jamani.

Mama mkwe, si unajua tunaishi naye, akaja kuuangalia ule waya. Halafu akauliza, "Na kwangu kapitisha wapi?"

Tukafungua dari ya chumbani kwake. Vilevile. Juu ya kitanda cha mama yake mzazi.

Nikampigia kwa sauti ya asali. "Shemeji, njoo, kuna kazi." Akanijibu, "Nilijua tu utanirudia."

Sikumwambia kwamba mama yake kakaa sebuleni, ule waya ulioungua kaupakata mapajani. Leo atakiona cha mtema kuni.

Huyo anabisha hodi. Nilitaka kuinuka, mama kasema nikae, mlango anafungua yeye.