Mikeka ya Mama Darini

Chewele, 9 Februari 1956

Kaka yangu Dukicha,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ng'ombe wanapata maji. Wewe na wifi Gumato hamjambo? Anayeniandikia ni mwalimu Kotile. Maneno ni yangu.

Jilo, aliyeleta ng'ombe huko, amerudi na habari. Anasema umejenga nyumba ya mabati hapo Garsen, na ile mikeka tisa aliyosuka marehemu mama ya kufunikia nyumba ya bibi harusi umeipigilia darini, kisha ukaipaka rangi ya mafuta. Kaka, mikeka ile mama alimwachia binti yangu Nuria. Harusi ni baada ya Idi. Niambie Jilo ni mwongo.

Mdogo wako,
Asli

Garsen, 27 Februari 1956

Mdogo wangu Asli,

Salamu zimefika. Sisi wazima, ila joto.

Jilo si mwongo. Mabati yanachoma, na mbao za dari huku hazipatikani. Mikeka ilikuwa ghalani inaliwa na mchwa. Nimeipaka rangi nyeupe mara mbili, sebule inang'aa. Hata karani wa bwana DC aliinua kichwa akauliza fundi ni nani. Nuria anaolewa na mtu aliyesoma. Unataka alale chini ya majani kama bibi yake? Nitamnunulia kitanda cha chuma. Acha mambo ya kale.

Kaka yako,
Dukicha

Chewele, 18 Machi 1956

Dukicha,

Sijambo. Hujambo? Basi, salamu zimeisha.

Mkeka wa tisa mama aliusuka akiwa hawezi kukaa bila kuegemezwa. Mimi nilimshika mgongo, Gumato akimlowanishia majani ya milala. Wewe ulikuwa dukani. Ulipewa uitunze tu, kwa kuwa una ghala. Mwalimu Kotile ananiambia, "Punguza kidogo, ni kaka yako." Nimemwambia, "Andika." Umeitoboa kazi ya mama kwa misumari ili karani akusifu! Kitanda chako lalia wewe. Nakuja kuichukua.

Asli

Garsen, 21 Aprili 1956

Asli,

Sikuulizi hali. Nimerudi kutoka Lamu na mzigo wa duka, nikakuta sebule imebaki mabati matupu, misumari imezagaa sakafuni. Majirani wanasema ulipanda ngazi mwenyewe, mchana kweupe, na mke wangu ameishika isitikisike! Umeniaibisha Garsen nzima. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba ya baba. Gumato yuko wapi? Mrudishe kabla ya Idi.

Dukicha Hiribae

Chewele, 2 Juni 1956

Kwa Dukicha,

Sisi wazima. Nuria ameolewa.

Rangi yako tuliisugua kwa majivu na mafuta ya taa hadi vidole vikachubuka. Ilipotoka ilitoka na milala. Mikeka miwili ndiyo iliyopona. Wanawake wa hapa walisuka mwezi mzima wakiwa na saumu, wakaongeza mitano. Palipobaki tulifunika turubai. Wageni waliuliza kwa nini turubai, na kila aliyeuliza nilimtajia jina lako.

Mume wa Nuria, yule msomi wako, aliuliza mikeka ipi ni ya bibi yake Nuria. Alipoonyeshwa, akavua viatu, akakaa chini yake.

Gumato yuko kwangu. Barua yako alisomewa, pamoja na hapo uliposema mrudishe. Akasema, "Mimi si ng'ombe wa kurudishwa zizini." Sasa anasuka mkeka wa kuondoa lile turubai. Hajaniambia atarudi lini, nami simuulizi.

Asli binti Hiribae