Mwenye Nyumba Anataka Tumruke Dalali

Mpendwa Bi Mwanaasha,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa hii ya mwisho wa mwezi, maana Ijumaa ikipita nitakuwa nimeshafanya jambo ambalo sitaweza kulifuta. Mimi ni Mrundi, mshonaji, nina cherehani yangu Jeppestown, huku kusini mwa bara, mume wangu Fiacre ni mlinzi, tunaishi Bertrams katika chumba kimoja na watoto watatu, jiko tunagawana na familia nne, na kwa miaka minane kila nikipika najua kuna mtu nyuma yangu amesimama na sufuria yake anasubiri nimalize. Mwaka jana Fiacre alipata makaratasi ya ukaazi wa kudumu, benki ikakubali kutukopesha, na kwa mara ya kwanza maishani, mimi niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, nikaanza kutazama nyumba za watu kwa macho ya kununua.

Siku hizo nilikuwa naongea sana kwa simu na dada yangu Yolande, ambaye alichukuliwa kutoka kambini akapelekwa Amerika mwaka 2008, sasa yuko Ohio, na kwa kuwa yeye amenunua nyumba kabla yetu akawa ndiye mwalimu wangu. Akanieleza kwamba kwao mnunuzi ana dalali wake na muuzaji ana dalali wake, huyo wa kwako anakuzungusha kwa gari lake kukuonyesha nyumba, anakwambia hii paa linavuja, hii ina bei ya kijinga, anakubishania mpaka mwisho, na wewe humpi kitu mkononi, kwa sababu nyumba ikiuzwa kamisheni inatolewa kwenye pesa za muuzaji na madalali wote wawili wanagawana. Akaniambia, "Spès, usimfiche ajenti kitu. Mwambie mna ngapi, mwambie mna haraka, yule ni mtu wako." Nami nikalishika neno hilo bila kuuliza kama na huku ni hivyo.

Basi Jumapili moja tukitoka kanisani tukaona bango kwenye kona ya mtaa, nyumba iko wazi, watu waingie watazame. Ilikuwa ya Mzee Ferreira, Mreno aliyefiwa na mke, anataka kuhamia kwa binti yake. Vyumba viwili vya kulala, jiko lenye dirisha, na nyuma kuna kibanda ambacho nilipokiona tu nikajua cherehani itakaa wapi. Ndani tukamkuta dalali, mama wa Kisotho anaitwa Dimakatso, mcheshi, amevua viatu kwa sababu vinambana. Nikamvuta jikoni na Kiingereza changu cha sokoni nikamwaga yote, kwamba tumechoka, kwamba hapa tulipo hatuwezi kukaa mwaka mwingine, kisha nikafungua pochi nimwonyeshe karatasi ya benki yenye kiasi cha mwisho tunachoweza kulipa. Aliweka kiganja juu yake kabla sijaikunjua.

"Eish, mama, hapana. Rudisha kwenye pochi."

"Lakini wewe si ajenti wangu?"

"Mimi? Mimi nimeletwa hapa na Mzee Ferreira, yeye ndiye atakayenilipa. Nikiiona hiyo namba na yeye akaniuliza, nimjibu nini, nimdanganye? Nenda nyumbani na baba, mkubaliane bei yenu, mje na hiyo tu. Sharp, sawa?"

Bi Mwanaasha, nilirudi nyumbani nimeikumbatia pochi, kwa sababu yule mama angeweza kunyamaza tu akaiona ile namba, na leo ningekuwa nalipa mpaka senti ya mwisho na bado namwita mtu wangu. Wala hakuishia hapo, kesho yake alipiga simu akasema nije na fundi anayejua paa na umeme, fundi akakuta ukuta wa chumbani unanyonya maji, na Dimakatso mwenyewe akasema tuandike kwenye ofa kwamba mwenye nyumba autengeneze kwanza, tena atoe cheti cha umeme. Tukaandika, tukasaini. Sasa wewe unajua kwetu Bujumbura komisioneri, yaani dalali, anakula pande zote mbili, asiyempa anaonekana hana adabu, kwa hiyo nikampelekea bahasha. Akacheka, akairudisha mkononi mwangu. "Mama, mimi nina mlipaji mmoja. Wanunulie watoto viatu."

Shida ni hii. Ofa yetu Mzee Ferreira hajaisaini, amekaa nayo, na Jumanne iliyopita akampigia simu Fiacre mwenyewe. Akasema mkataba wake na Dimakatso unaisha Ijumaa, basi tumwambie Dimakatso kwamba tumeghairi, halafu Jumatatu twende kwake kimyakimya, atatuuzia bila dalali, na ile kamisheni atatupunguzia nusu kwenye bei. Hiyo nusu, Bi Mwanaasha, ndiyo karibu yote tunayopungukiwa kuwalipa mawakili wa kuhamisha hati. Fiacre alikata simu anatabasamu, miezi mingi sijaona tabasamu lile.

Nikamwambia mimi siwezi. Akaniambia, "Mama Élysée, yule mama ana mabango mtaa mzima, atauza nyingine kesho. Sisi tutapata wapi nyingine?" Na kweli hatuna, na tukisema hapana mzee atampata mwingine atakayekubali. Nyumba hii naitaka mpaka machozi yananitoka kwenye nguo za wateja. Lakini mwanamke aliyekataa kuona karatasi yangu, akakataa na bahasha yangu, leo nimpigie nimwambie tumeghairi, naye anipe pole? Nifanye nini?

Mama Élysée, Bertrams

*

Mama Élysée,

Pole kwa hilo jiko. Nimewahi kupika nikiwa nasubiriwa, najua wali unavyogoma kuiva. Sasa vumilia nikugombeze kidogo.

Dada yako hakukudanganya, alikusimulia ya kwao. Kosa ni lako, uliyesikia habari za Ohio ukazileta mzimamzima Bertrams. Huku mara nyingi dalali ni mmoja tu, na kaletwa na muuzaji. Hata huko Amerika, huyo Yolande angemfungulia pochi dalali wa upande wa pili, angelia. Umekutana na mtu ambaye hakuwa na wajibu wa kukulinda na amekulinda. Waswahili wanasema muungwana ni vitendo, na wewe umevishuhudia viwili, cha karatasi na cha bahasha. Mshukuru Mungu kwa huyo mama, wengi hawampati.

Shemeji yangu Fiacre naye nina neno naye. Shemeji, nakuelewa, baba anayewatakia wanawe mlango wao wenyewe hana dhambi. Ila hiyo nusu mzee anayowapunguzia haitoki mfukoni mwake. Ni jasho la Dimakatso, na nusu iliyobaki anaitia mfukoni yeye. Tena fikiri, mtu anayewafundisha namna ya kumdhulumu aliyemfanyia kazi, Jumatatu mkiwa naye peke yenu bila shahidi, ndiye atakayewatengenezea ule ukuta? Atawapa cheti cha umeme kwa kuwapenda?

Nimemuuliza wakili mmoja tunayeswali naye msikitini huku Mayfair. Amesema dalali akishamleta mnunuzi, na mnunuzi huyohuyo akainunua nyumba, anaweza kudai kamisheni yake hata kama mkataba umeshaisha. Na sahihi yenu iko kwenye ofa iliyopitia kwa Dimakatso. Njia ya mwongo fupi, mama, na hii ingeishia mahakamani huku mnadaiwa na benki.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Gazeti linatoka Alhamisi, una siku moja tu, usiipoteze kwa kumpigia Yolande. Fiacre ampigie Mzee Ferreira aseme kwa adabu, "Mzee, ofa yetu iko palepale, maongezi yote yapitie kwa Dimakatso." Aishie hapo, asibishane. Wewe mpigie Dimakatso, umwambie mzee aliwapigia na alisema nini. Huo si umbea, ni kazi yake, ana haki ya kujua.

Kisha mwambie wazi kwamba gharama za mawakili hamjazitimiza. Kiasi cha mwisho cha benki bado usimtajie, lakini hili anaweza kulibeba kwa mzee na kumwomba ashuke kidogo kwenye bei. Madalali wengine hupunguza hata kamisheni yao ili biashara ipite. Akiamua hivyo, mpokee kwa mikono miwili, kwa sababu hiyo ni yake kutoa. Ninyi si yenu kuchukua. Waulizeni na benki pia kama wanaweza kuwaongezea cha mawakili. Na pesa yoyote iende kwenye akaunti ya wakili anayehamisha hati, kwa risiti. Asipewe mzee mkononi, hata akilia.

Je, mnaweza kuikosa nyumba? Ndiyo. Mzee anaweza kukasirika akaipeleka kwingine, nami sitakudanganya kwamba Mungu lazima atakulipa kabla ya mwisho wa mwezi. Mkiikosa utalia, lia, halafu umwambie Dimakatso akutafutie nyingine. Dalali anayejua kwamba hukumuuza siku ulipoweza kumuuza atakukumbuka kabla hajatundika bango.

Nimalizie na langu. Miaka sita naandika hapa, na barua za nyumba ninazopata ni za watu waliotapeliwa chumba, waliotapeliwa amana, waliouziwa nyumba ya marehemu. Yako ni ya kwanza kutoka kwa mtu anayeogopa kumdhulumu mwenzake, tena akiwa na shida kuliko wote. Niliisoma ofisini nikainuka kuwasomea wenzangu, na tumeshinda siku nzima na furaha. Ahsante kwa kuniandikia.

Sasa liweke gazeti chini. Mpigie Dimakatso.

Mwanaasha