Ninamleta Askari kwako

Makanyagio, Mpanda

Mayu, mama mkwe wangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na huko mmepata mvua? Sisi huku hatujambo. Watoto wanakula na kulala. Mimi nashona sare za shule kwenye kibaraza cha duka, nakanyaga cherehani mpaka jioni, na ukiniuliza siku imepitaje, sikumbuki.

Nimeandika kwa sababu simu ya shemeji Doto ikipigwa mnaisikiliza ukoo mzima, na hili nataka ulijue wewe kwanza.

Msibani ulinishika mkono ukasema, "Mwanangu, mbwa huyu Askari usimtupe. Alilala karibu na Shija mpaka watu wakawafikia." Nikaitikia. Lakini tangu radi ile ya Mwamkulu imchukue mume wangu Shija na ng'ombe wetu, Askari si yule. Kifuniko cha sufuria kikianguka anajikojolea. Pikipiki ikipiga mlio anaingia uvunguni. Hayo niliyaona. Ila kule bomani tulizoea kumwachia ndama wachanga mama zao wakiwa malishoni, na hakuwahi kumdhuru hata mmoja. Basi kila nikienda bombani nilimwachia mwanangu mdogo Masanja kwenye mkeka. Nimefanya hivyo miezi, Mayu.

Wiki tatu zilizopita mwanangu mkubwa Kabula aligeuza ndoo akaanza kuipiga kama ngoma. Askari aliruka, na aliyekuwa mbele yake ni mdogo wake Kabula. Alimng'ata Masanja shavu, chini kidogo ya jicho. Nilimkimbiza hospitali kwa bodaboda, wakamsafisha, wakamshona, wakamchoma sindano za kichaa cha mbwa. Anaendelea vizuri. Muuguzi aliniuliza mara mbili kama namsikia. Nilikuwa namsikia.

Bwana mifugo alisema tumfunge mbwa siku kumi tumwangalie. Jirani yangu Mama Nestori akasema, "Nyie Wasukuma mnapenda mbwa kama ndugu. Huyo mpe sumu yaishe." Kabula naye akasema, "Mama, kosa ni la ndoo." Mimi asubuhi naamua aende, jioni naamua abaki, na katika yote mawili moyo umekaa kimya tu.

Siku kumi ziliisha, kichaa hana. Nikamfungua. Akaenda polepole akamlamba Masanja mguu, mtoto akacheka. Hapo nikajua kwamba siku moja nitamwachia tena mtoto, kwa uchovu tu. Ndiyo nikaamua.

Kwa hiyo dereva wa lori la mchele aliyekupa barua hii ndiye aliyemleta. Kwenu hakuna mtoto mdogo. Nimevunja neno nililokupa. Ukinikasirikia una haki, ila uso wa Masanja nao ni wa Shija, na ndio uliobaki.

Nisalimie shemeji Doto na simu yake, wifi Mbuke na ujauzito wake, na babu mdogo anayechunga mbuzi.

Wifi akijifungua, mtoto asikae peke yake na Askari hata kidogo. Mpe chakula mbali na watu, na usimguse akiwa amelala. Mawingu yakikusanyika atakuja kujibana miguuni pako, akitetemeka na kulia. Mwache akae, Mayu. Mimi nilikuwa namsukuma, kwa sababu yeye anaweza kulia, na mimi, tangu tumzike Shija, sijaweza.

Mkamwana wako,
Nyanzobe