Nyuso Kwenye Mabati

Mashimoni, Kibera
6 Machi 2023

Wanzala, sasa?

Uko poa huko Kawangware 46, ama unaishi kwa chai na mandazi? Huku tuko wazima, ila vumbi limenipa kikohozi. Ujumbe wa simu huujibu, ndiyo maana nimeshika karatasi. Musembi wa bodaboda amesema atakuwekea mkononi.

Nimepata chumba cha saluni, karibu na pale kwa maji. Lakini mabati ya mbele ni matupu, na saluni isiyo na nyuso za wanawake nje, nani ataiona? Nataka unichoree wanne: wa matuta, wa rasta, wa afro, na mmoja wa kilemba. Unakumbuka ulivyokuwa ukichora akina mama kwenye foleni ya maji, kwa chaki, na kila mmoja anajitambua kwa shingo tu? Halafu kidato cha pili ukapata simu, ukainamisha kichwa mpaka leo.

Njoo Jumapili yoyote.

Dada yako,
Rachael

Kawangware 46
11 Machi 2023

Dada Rachael,

Barua imefika. Mimi mzima, pole kwa kikohozi. Usikasirike juu ya simu. Nikitoka kazini siwezi kuangalia kioo kingine. Hata TV ya jirani ikiwaka nafunga mlango. Karatasi ni afadhali.

Ni kweli, mwanzoni simu ilinila muda tu. Unachungulia picha moja, unachungulia nyingine, jioni imeisha na penseli iko palepale. Nilikuwa najiambia nitarudia. Sasa ni kitu kingine. Juzi nilijaribu kumchora mama yetu, mkono ukasimama. Sijui nikueleze vipi, na kazi yetu tulitia sahihi tusiizungumzie.

Nitakuja Jumapili ijayo. Nunua rangi nyeusi, nyekundu na ya kahawia. Usiite watu waniangalie.

Mdogo wako,
Wanzala

Mashimoni
20 Machi 2023

Wanzala,

Ulifika salama? Ulichora mchana kutwa bila neno, ukaondoka bila kula, na mrenda nilikuwa nimekupikia wewe.

Wanawake wako ni wazuri. Nywele zinakaa kama ukizigusa zitasonga. Lakini leo asubuhi nilipofungua nikaona kitu ambacho jana furaha haikuniacha nikione. Wote wanne wamefumba macho. Si kama mtu anayesinzia akisukwa. Midomo imelegea. Wa rasta kichwa kimeanguka upande, na ana kovu juu ya nyusi ambalo sikukuambia uweke.

Mteja wa kwanza alisimama mlangoni akasema, "Rachael, huyu wako mbona ni kama amelala moja kwa moja?" Akacheka, lakini hakuingia.

Hawa ni akina nani? Niambie ukweli.

Dada yako,
Rachael

Kawangware 46
22 Machi 2023

Dada,

Natumaini kikohozi kimepungua. Mimi usingizi ndio umenikataa.

Sikujua nimewafumba macho. Naapa. Sasa nitasema, hata kama nilitia sahihi. Tunalipwa kutazama video mbaya ambazo watu huweka mtandaoni, kabla ninyi hamjaziona. Mtu anapigwa, mtu anazama, mtu anauawa. Unatazama, unabonyeza, inafutwa, inakuja nyingine. Nikishika brashi ndio hao wanaotoka, Dada. Wale akina mama wa foleni ya maji nimewatafuta, siwapati.

Paka rangi juu yao. Anza na wa rasta. Leo hii, tafadhali, kabla mtu hajamtambua. Alikuwa akiongea Kiswahili chetu.

Mdogo wako,
Wanzala

Mashimoni
27 Machi 2023

Ndugu yangu,

Pole. Nilisoma nikakaa chini. Lakini pikipiki ya Musembi iliharibika, barua ikachelewa, na kabla haijafika Mama Hope alikuwa amepita.

Ni yule mama wa Kisumu Ndogo anayeuza omena. Alikuwa na beseni kichwani. Akalishusha polepole, akagusa lile kovu kwa kidole. "Huyu ni Hope wangu," akasema. "Hapa aliumia akiwa mdogo, aliangukia jiko."

Hope alienda Uarabuni mwaka jana, kazi ya nyumba. Tangu Krismasi hajapiga simu. Na mamake alicheka, Wanzala! Anasema kama kuna mtu amemchora, basi kuna mtu amemwona. Amekuachia omena. Kila asubuhi anapita kumsalimia pale ukutani, na ananiuliza mlikutana wapi.

Nimwambie nini?

Dada yako,
Rachael

Kawangware 46
29 Machi 2023

Dada,

Usimwambie lolote. Rangi pia usipake tena. Nakuja Jumamosi mchana, nitasema mwenyewe.

Video ya huyo wa rasta nilimwonyesha Collins, mkubwa wetu. Nikamwambia huyu ni msichana wa kwetu, tutafute watu wake. Akasema, "Futa, endelea, ziko nyingi zinangoja." Nikafuta. Wakijua nimemwambia mtu, kazi imekwisha. Acha iishe.

Mwombe Mama Hope asiende sokoni siku hiyo. Awe ameketi.

Mdogo wako,
Wanzala

Mashimoni
4 Aprili 2023

Wanzala,

Unakula? Nikikupigia, simu imezimwa.

Mama Hope hajalia tangu umwambie ukweli ule Jumamosi. Watu wa kanisa walikuja kumwimbia, akawaambia waende. Ameshikilia lile swali alilokuuliza, "Nani alikuwa ameshika hiyo simu?", nawe ukaangalia viatu vyako.

Jana alikuja saluni na karatasi nyeupe na penseli mpya. Nikamwambia, "Mama, hizi sura zimemfanya ndugu yangu mgonjwa. Mwache apumzike."

Akasema, "Mtoto wangu alimchora bila kutumwa. Mwambie amchore na huyo aliyeshika simu."

Anataka kuipeleka picha hiyo kwa waliomsafirisha Hope, na kwa polisi. Karatasi na penseli nimempa Musembi pamoja na barua hii. Sikulazimishi. Mimi mwenyewe naogopa.

Dada yako,
Rachael

Kawangware 46
19 Aprili 2023

Dada Rachael,

Usiwe na wasiwasi, niko hai. Kazi imeisha. Walinipokonya kadi mlangoni, na Collins alipita kama hanijui.

Yule mtu aliyekuwa akirekodi aligeuza simu mara moja tu, akajionyesha. Nilimwona vizuri. Nilikaa na karatasi ya Mama Hope siku nyingi, mkono ukikataa, halafu ukakubali mara moja, kama zamani kwa chaki. Nilitafuta kitu kibaya usoni mwake nianzie hapo, sikukipata. Ni mtu tu. Ukimkuta dukani akinunua maziwa utampisha.

Nimemkunja humu ndani. Mpe Mama Hope mkononi, na wewe usimfungue.

Nilidhani nikimchora atanitoka kichwani. Hajatoka.

Mdogo wako,
Wanzala