Video ya Maziko Yako

Bahati, ndugu yangu,

Nilishakulilia, na nililia vya kutosha. Leo sikuandikii kwa machozi. Nakuandikia kwa sababu moyo umenichafuka, na hapa Louisville sina mtu wa kumtapikia maneno haya isipokuwa wewe. Mke wangu amechoka kunisikia. Jana aliniambia, "Bon, mwambie Bahati mwenyewe." Haya, nakwambia. Na usinicheke kwa Kiswahili changu cha darasani. Ulinicheka maisha yako yote, sasa pumzika.

Unajua kawaida yetu. Mtu akifa huku Marekani, lazima awepo wa kupiga video. Waliobaki Uvira, waliobaki kambini, hawana viza ya kuja kuzika, kwa hiyo wanazikia kwenye simu. Na wewe tulikufanyia hivyo. Tulikuzika Lackawanna, karibu na Buffalo yako, upepo wa ziwa ukitukata masikio, mpiga video wa kanisa akizunguka kaburi. Mimi nilimshika Neema wako mkono. Nikamwambia, "Koko yako atakuona kule nyumbani. Mwambie neno moja." Akaitazama kamera, akasema, "Koko, usilie. Papa alinifundisha kusoma. Nitakusomea mimi." Halafu akalia mpaka kofia ikamdondoka. Mama yake alishindwa kuinama kuiokota.

Lile lilikuwa neno la mtoto kwa bibi yake. Halikuwa la mtu mwingine yeyote.

Sasa sikiliza alichofanya Sadiki. Ndiyo, Sadiki wetu wa Columbus, tuliyefungua naye vituo vya masomo. Tuligawana kazi vizuri tu: wewe Buffalo, mimi Louisville, tufundishe watoto wakitoka shule; yeye kule Westerville, pembeni ya Columbus, ashike makaratasi na matangazo, maana ndiye mwenye ulimi wa kuongea na wazungu. Basi siku moja mama mmoja aliingia kituoni kwangu na watoto wake wote, macho mekundu, simu mkononi. "Papa Furaha," akasema, "nimelia! Nimewaleta wote." Nikaichukua ile simu nitazame kilichomliza.

Neema. Uso wa Neema umejaa kioo kizima, machozi na kamasi, kinanda kinapigwa nyuma taratibu. "Koko, usilie" wameikata. "Nitakusomea mimi" wameikata. Wamebakiza "Papa alinifundisha kusoma" na kile kilio. Halafu yakatokea maandishi: Endeleza ndoto ya baba yake, andikisha mtoto wako leo. Na namba ya simu, Bahati! Namba ya simu juu ya kaburi lako, udongo haujakauka!

Ptuu! Nikamrudishia simu yake. Yule mama ananitazama, anasubiri niseme asante.

Na tangazo lilifanya kazi, hilo ndilo linaloninukia mpaka leo. Watoto walikuja mpaka viti vikaisha. Wazazi wananipa mkono, "pole sana, kazi nzuri sana," pole na kazi nzuri kwa pumzi moja. Kila mtoto aliyekaa nilikuwa namwona amekaa juu ya kilio cha Neema. Nilifundisha siku hiyo nimekunja uso, watoto wakafikiri nimewakasirikia wao.

Nikampigia Sadiki. Nilidhani ataona haya. Haya gani! "Donc wewe unakasirika bure," akaniambia. "Tunamuheshimia marehemu. Angalia vile batoto banaingia." Nikamuuliza kama alimwomba ruhusa mama yake Neema. Akasema mjane hasumbuliwi na mambo ya biashara. Mjane hasumbuliwi! Lakini mtoto wake anauzwa kama karanga za njiani.

Kisha akapiga mama yako kutoka Uvira. Video kamili ilikuwa bado haijamfikia, iliyomfikia ni hii ya Sadiki, imepita simu hadi simu mpaka kwake. Hajui kusoma, unajua. Aliniuliza kwa upole, "Baba, ile namba inayotokea mwisho, ni ya kumpigia Neema?" Mimi, mwalimu mzima, nikamdanganya. Nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Lakini Koko ni mtu mzima, atalia na kunyamaza. Aliyenivunja ni Neema mwenyewe. Mkeo alinipigia akisema kule Buffalo, mtaani kwenu Black Rock, kwenye basi la shule, wenzake wanamwekea ile video. Mmoja alimwambia alie tena, eti analia vizuri. Tangu hapo Neema hafungui kitabu. Mama yake akikitoa, anaondoka chumbani. Mwalimu akimwita asome, anainamisha kichwa. Bahati, Neema wako hasomi! Yule aliyekuwa anasoma mpaka maandishi ya mifuko ya unga!

Nikawa sina kingine ninachokikumbuka ila ile vani yako. Nilipokuja Buffalo kuona unavyofanya kazi, ilikuwa baridi ya kuua, wazazi wamejipanga mlangoni pa kituo na watoto wao, na wewe umekaa ndani ya vani na Neema, mlango mmefunga, mnasoma. Nikagonga kioo, nikakwambia watu wanaganda. Ulishusha kioo kidogo tu. "Bangoje. Mutoto yangu kwanza, kisha batoto ya batu." Ukapandisha kioo. Mlimaliza ukurasa wenu, ndipo ukatoka na funguo unapiga mluzi. Nilikuona mjeuri siku ile. Mfanyabiashara gani anawaacha wateja kwenye theluji?

Mimi binti yangu Furaha alikuwa anasinzia nyuma ya darasa akisubiri niwamalize watoto wa wenzangu. Nikifika naye nyumbani sauti imeisha, namwambia, "Kalale, mama." Ndiyo yalikuwa malezi yangu. Sasa kumbe na yeye ameiona ile video. Jioni moja, tuko garini, akaniuliza kwa Kiingereza chao kile, kwa sauti ya kawaida kama anauliza tutakula nini: "Papa, ukifa, mimi pia watanipiga video nikilia?"

Nilisimamisha gari pembeni. Nikamwambia, "Hapana." Akasema sawa, akaendelea kutazama dirishani. Hakuniamini.

Jumamosi nikampakia Furaha, tukaenda Westerville. Nilitaka kumwambia Sadiki machoni aifute. Alitupokea vizuri, soda, maandazi, "karibuni nyumbani." Hata sijasema nililojia, akamshika Furaha kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama mtu anayechagua mbuzi. "Huyu naye ana sura nzuri," akasema. "Anaongea Kiingereza safi. Ya pili tutafanya na yeye, nyinyi wawili, baba na mtoto."

Aka! Niliuondoa ule mkono. Sijawahi kumgusa mtu kwa ukali hivyo, na ndani ya nyumba yake, andazi lake liko mdomoni mwangu. Nikalitemea kwenye leso mbele yake. Nikamwambia aifute ile video sasa hivi. Akasema akiifuta, na mimi niteremshe kibao cha Louisville, maana jina la kampuni ni lake, na wazazi wote walioletwa na ile video atawahamishia kwa mwalimu mwingine. Alidhani nitarudi nyuma. Nikamwambia, "Futa." Akafuta, ananitazama kama ananihurumia.

Kibao nilikiteremsha mwenyewe. Sasa nafundisha kwenye chumba cha chini ya kanisa, watoto wachache, viti vya kukunja. Asubuhi nimerudi ghalani, kazi yangu ya zamani, kubeba maboksi. Mgongo unauma, ndugu yangu, sitakudanganya. Na ile video haijafa. Sadiki ameifuta kwake, lakini imekaa kwenye simu za watu, bado kuna wanaonitumia mimi na alama za machozi. Natema mate kila mara.

Lakini siku ile hatukurudi Louisville kwanza. Kutoka kwa Sadiki nilishika njia ya Buffalo moja kwa moja. Neema alitufungulia mlango, akanisalimia vizuri, "Shikamoo, papa," na macho yake yakaenda mfukoni kwangu, kwenye simu. Hapo nilielewa. Anaangalia mifuko ya watu, Bahati. Mtoto wako anaangalia kila mtu ameificha wapi kamera.

Vani yako bado iko mbele ya nyumba, mkeo hajataka kuiuza. Nikamwomba funguo. Niliwaambia watoto tukae ndani kidogo, sikuwaambia kwa nini. Kitabu chenu kilikuwa palepale kwenye mfuko wa mlango ulipokiacha. Nikakiweka kwenye kiti, sikukifungua. Furaha akakichukua, akaanza kusoma kwa kujikwaa, Kiswahili chake unakijua. Neema akageukia dirisha. Nikasema moyoni, basi, imeshindikana.

Kisha Neema akaninyooshea mkono. "Simu yako," akasema.

Nikampa. Akaizima, akaingoja mpaka kioo kikawa cheusi kabisa, akaisukuma chini ya kiti kwa mguu. Akapandisha kioo cha dirisha hadi juu. Akamnyang'anya Furaha kitabu.

Alichosoma sitakuandikia hata wewe. Ni chake, na mwenyewe alihakikisha hakionekani. Nitakuambia tu kwamba mkeo alitoka akasimama barazani bila koti, akaona midomo yake inavyosogea nyuma ya kioo, na hakuja kugonga.

Siku hizi, Bahati, kabla ya kufungua kanisa, mimi na Furaha tunakaa garini, ukurasa mmoja. Wazazi wanangoja kwenye ngazi, wengine wananuna. Acha wanune. Na Neema akija kuolewa, akija kushinda, akija kulia tena, nikiwa hai hakuna atakayemwelekezea simu bila yeye kukubali kwa mdomo wake. Hilo nakuapia juu ya kaburi lako, lile lile waliloliandikia namba.

Lala, ndugu yangu. Koko tulishampelekea ile video kamili. Amesikia "usilie," na ameniambia anangoja kusomewa. Neema amesema atampigia mwenyewe, sauti tu, bila picha.

Ndugu yako,
Papa Furaha